Je, ni jino au ni pua? Chunguza kabla ya kung'oa

Kila mwaka ifikapo Julai, baridi ikikaza juu ya vilima vya Mbooni na Kilungu na vumbi likitanda kuanzia Kibwezi hadi Mutomo, wagonjwa wa aina fulani huanza kuingia kliniki wakiwa wameshika shavu. Ukimwuliza mmoja wao kinachomsumbua, atakujibu mara moja, "Daktari, ni jino." Mwulize ni jino lipi. Hapo atanyamaza kidogo, apitishe kidole juu ya magego matatu au manne ya juu, kisha aseme, "Ni haya yote."

Jibu hilo la pili ndilo lenye maana. Jino lililooza kwa kawaida huwa moja, na likikomaa hujitambulisha lenyewe. Magego manne mazima hayaamki siku moja yakaamua kuuma pamoja. Yakifanya hivyo, mara nyingi shida haiko kwenye meno bali juu yake, katika uvungu wa hewa ulio nyuma ya shavu, ambao madaktari huuita sainasi.

Makala haya ni ya kukusaidia, msomaji, kutofautisha maumivu hayo mawili kabla hujalipa nauli kwenda kung'olewa jino lisilo na kosa. Si jambo la kufikirika. Namkumbuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka upande wa Mwingi. Alinijia akiwa amekwisha kung'olewa magego mawili ya juu upande wa kulia, moja mwanzo wa mwezi na jingine baada ya wiki mbili, mahali ambapo sitapataja. Alikuwa ameyafunga katika karatasi ndani ya mkoba, nami nikayatazama. Yalikuwa mazima, hayana hata doa. Maumivu yalikuwa palepale. Pua yake ya kulia ilikuwa imeziba tangu alipopata mafua mwezi uliotangulia, na kila alipoinama kusahihisha madaftari alihisi kana kwamba shavu limetiwa jiwe. Sainasi yake ilitibiwa, ikapona. Magego mawili hayakurudi.

Sakafu ya chumba ni dari ya magego

Ndani ya mifupa ya uso mna jozi nne za vyumba vyenye hewa tu: vya paji la uso, vya katikati ya macho, vya nyuma kabisa karibu na chini ya ubongo, na vya mashavu. Vya mashavu ndivyo vikubwa zaidi. Kwa mtu mzima kimoja hubeba kiasi cha mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Kila chumba kimetandikwa ngozi nyororo inayotoa ute, na kina tundu dogo la kuutolea ute huo puani.

Lakini chumba cha shavu kina ubaya mmoja wa ujenzi. Tundu lake liko juu, karibu na dari, si chini sakafuni kama fundi yeyote mwenye akili angeliweka. Ute hausukumwi na uzito wake. Husukumwa na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo huupandisha ukuta hadi kwenye tundu. Mafua yakija, ngozi hufura, vinyweleo huchoka, tundu huziba, na ute husimama humo kama maji ya mvua katika shimo la barabarani. Ukisimama muda mrefu, vijidudu huingia na ute hugeuka usaha.

Sasa tazama kilicho chini ya sakafu ya chumba hicho. Ni mizizi ya magego ya juu, hasa la kwanza na la pili. Kwa watu wengine mfupa unaotenganisha mizizi na chumba ni mwembamba kama karatasi. Kwa wengine hakuna mfupa kabisa, ni ile ngozi nyororo peke yake. Tena mishipa ya fahamu iendayo kwenye meno hayo hupita ndani ya ukuta wa chumba hicho hicho. Ni kama nyumba mbili za kupanga zinazotumia mita moja ya stima. Bili ikija kubwa, huwezi kujua ni nani aliyewasha pasi usiku kucha. Ubongo hupokea habari ya maumivu kutoka mtaa ule, lakini hauwezi kusoma vizuri namba ya nyumba.

Ujirani huu umejulikana siku nyingi. Mwaka 1651 daktari Mwingereza, Nathaniel Highmore, aliandika habari za mwanamke aliyeng'olewa chonge ya juu, na tundu lililobaki likawa linatoka majimaji bila kukoma. Mama huyo alichukua unyoya akauingiza katika tundu kujua unafika wapi. Ukapanda, ukapanda, mpaka akashikwa na hofu kwamba umefika kwenye ubongo. Highmore alitambua kuwa ulikuwa umeingia katika uvungu wa shavu tu, na hadi leo vitabu vya udaktari huutaja uvungu huo kwa jina lake. (Usijaribu unyoya nyumbani.)

Meno ya chini hayana jirani wa namna hii. Kwa hiyo ukiumwa na jino la chini, isingizie sainasi mwisho kabisa, au usiisingizie hata kidogo.

Na kabla sijaendelea, neno moja kuhusu usemi wetu. Watu wa mjini hupenda kusema, "Mimi nina sainasi." Bila shaka unazo, kila mtu anazo. Ni kama kusema nina ini. Ugonjwa ni pale vyumba hivyo vinapovimba, na wengi wanaojiita "wa sainasi" mwaka nenda mwaka rudi, ukiwachunguza vizuri, utakuta wana mzio wa vumbi, au wana kipandauso, ugonjwa wa kichwa unaopiga upande mmoja, ukafuatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Dawa za pua haziwasaidii kitu.

Maswali ya kujiuliza mbele ya kioo

Chukua tochi na kioo. Fungua mdomo utazame magego ya juu, ingawa yale ya nyuma huwa vigumu kuyaona bila msaada wa mwenzako. Unatafuta tobo, doa jeusi lililolainika, jino lililovunjika ukingo, dawa ya kuziba iliyong'oka, au kipele juu ya ufizi kinachotoa usaha. Kipele hicho hakina mjadala: ni jipu la jino.

Hapa wakazi wa sehemu zetu wawe waangalifu kidogo. Baadhi ya visima virefu vya Kitui na Makueni hutoa maji yenye floridi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kipimo cha juu kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto aliyekulia kwenye maji hayo hutoka na meno yenye madoa ya kahawia. Meno hayo hayajaoza. Yanaweza kuwa magumu kama kokoto, na ni kosa kuyang'oa eti ndiyo yanayouma kwa sababu tu rangi yake si nzuri.

Baada ya kutazama, gonga. Tumia mpini wa kijiko, ugonge taratibu jino moja baada ya jingine, ukianza upande usiouma ili ujue jino zima hulia vipi. Jino lenye jipu kwenye mzizi litakurusha kitini. Wagonjwa wengine huniambia jino hilo wanalihisi limerefuka, linatangulia kugusana na wenzake wanapofunga mdomo. Hilo ni elezo zuri sana, nami hulitilia maanani kuliko eksirei nyingi mbovu. Sainasi ikiwa ndiyo mgonjwa, magego kadhaa ya upande huo yatauma kidogo kidogo, yote kwa kiasi kimoja, bila mmoja kujitokeza kuwa mkosaji. Wenye kula muthokoi hawahitaji hata kijiko: punje moja iliyokosa kuiva ikibanwa na jino bovu hutoa jibu papo hapo.

Halafu jaribu baridi na moto. Maji baridi yakilichoma jino moja na uchungu ukabaki kwa nusu dakika au zaidi baada ya kuyameza, kiini cha jino hilo kimeathirika. Kuna hatua ya mbele zaidi ambapo mambo hugeuka, chai moto ndiyo inayoamsha maumivu na maji baridi ndiyo yanayoyatuliza. Nimewaona watu wakisafiri na chupa ya maji baridi, wakipiga funda kila baada ya dakika mbili. Hao jino lao linakufa. Sainasi haijali kama unakunywa chai au maji ya mtungi.

Sasa inama. Funga kamba za viatu, au fagia uwanja kwa ufagio mfupi. Ikiwa uso unakuwa mzito, shavu linabanwa na magego yanaanza kugonga kwa mpigo wa moyo, kisha ukisimama hali inapungua, shuku sainasi. Kuruka ngazi au kupanda bodaboda kwenye barabara ya mawe kunaweza kuleta hali hiyo hiyo. Hata kusafiri. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kadiri basi linavyoshuka Mombasa Road uzito wa hewa huongezeka; aliyezibwa tundu la sainasi anaweza kuanza kubanwa uso akifika Makindu, wakati Nairobi alitoka akiwa salama. Lakini jipu la jino nalo huweza kugonga mtu akiinama au akilala, kwa hiyo jaribio hili lisikutoshe peke yake.

Mwisho, na kwa maoni yangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote, uliza pua. Je, maumivu yalikuja baada ya mafua? Je, pua imeziba upande ule unaouma? Unapenga makamasi mazito, ya manjano au ya kijani? Unahisi kitu kinateremka kooni usiku, ukiamka unakohoa? Huisikii harufu ya ndengu zikiungua jikoni? Mtu mwenye majibu ya "ndiyo" hapa, na magego yasiyo na tobo, aende kutazamwa pua kwanza. Mtu ambaye pua yake ni safi kabisa, anapumua vizuri, ananusa vizuri, lakini hakulala usiku kucha kwa sababu ya gego moja, asipoteze wakati kujifukiza.

Jino linapoichafua sainasi

Ningependa mambo yaishie hapo, lakini hayaishii. Ukuta ule mwembamba hupitisha ugonjwa kutoka chini kwenda juu pia. Gego lililooza hadi mzizini linaweza kumwaga usaha wake ndani ya chumba cha shavu badala ya kuutoa kwenye ufizi. Na hapo hutokea kiroja: kwa kuwa usaha umepata mahali pa kwenda, jino lenyewe haliumi. Mgonjwa huapa hana jino bovu.

Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akiishi Emali alikuwa hivyo. Kwa karibu mwaka mzima alinunua viuavijasumu katika maduka ya dawa kila aliposimama njiani, leo Mtito Andei, kesho Voi, keshokutwa Mariakani. Kila akimeza alipata nafuu ya wiki moja au mbili. Pua iliyokuwa ikitoa usaha ilikuwa moja tu, ya kushoto, na kulikuwa na harufu ya kuoza ambayo yeye aliisikia ndani ya kichwa chake hata wenzake wasipoisikia. Gego lake la pili la juu lilikuwa limezibwa miaka mingi nyuma na halikuwa likimsumbua. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi wake. Daktari wa meno alilishughulikia jino, na pua ikaanza kukauka baada ya hapo.

Shika basi alama hizi: upande mmoja tu, harufu mbaya, na kurudi kila dawa zikiisha. Mafua ya kawaida na mzio huziba pua zote mbili. Ugonjwa wa sainasi unaotoka kwenye jino si wa nadra hata kidogo. Vitabu vya zamani viliuhesabu kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa sainasi za shavu, na wataalamu wa siku hizi wanaotumia picha za skani wanasema ni zaidi ya hapo kwa mbali kati ya wale wenye ugonjwa wa muda mrefu. Ukikumbuka kwamba uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta takriban mtu mzima 1 kati ya 3 nchini Kenya ana meno yaliyooza, hutashangaa.

Mtu mzima ambaye upande mmoja wa pua unatoka damu mara kwa mara, shavu limekufa ganzi, au meno ya juu yamelegea bila sababu, asikubali kuambiwa ni sainasi ya kawaida mpaka apigwe picha na kuangaliwa na daktari wa masikio, pua na koo. Saratani ya uvungu wa shavu huanza hivyo, kimya kimya.

Matibabu ya pua

Ikiwa ni sainasi, habari njema ni kwamba nyingi huletwa na virusi vya mafua na huondoka zenyewe katika siku 7 hadi 10. Ni mafua machache sana, chini ya 2 kati ya 100, yanayoishia kuingiliwa na bakteria. Kwa hiyo makamasi ya kijani siku ya nne hayakupi haki ya kumeza amoksilini. Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopigana, si lazima bakteria. Viuavijasumu vina kazi iwapo siku 10 zimepita bila nafuu yoyote; au ulianza kupona kisha ukazidiwa tena; au una joto la kufikia digrii 39 pamoja na usaha wa pua na maumivu makali ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Hapo nenda kwa daktari au tabibu aliyesajiliwa, akupime, akuandikie dozi kamili. Nusu dozi kutoka kwa jirani hufundisha vijidudu kuzoea dawa.

Wakati unangoja, parasetamoli hutuliza maumivu. Mtu mzima anaweza kumeza gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, na asizidishe gramu 4 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji sana apunguze, na aulize kwanza.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia sana, na hakuna gharama. Chemsha maji, yaache yapoe, pima kikombe kikubwa cha mililita 250, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Inama juu ya beseni, tia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa chupa safi, katika tundu moja la pua, yatoke upande wa pili. Nasisitiza neno kuchemsha. Najua maji ya visima vingi vya Makueni Kusini na Kitui Kusini yana chumvi tayari, na kuna bwana mmoja aliyeniambia kwa fahari kwamba Mungu amewapa dawa hiyo bure. Sivyo. Maji mabichi ya kisima, ya tangi au ya mchanga wa mto yana vijidudu ambavyo vikimezwa huuawa na asidi ya tumbo, lakini puani hakuna asidi.

Kujifukiza chini ya blanketi kwa majani ya mwarobaini ni desturi ya nyumba nyingi. Mvuke hulainisha makamasi kwa muda, sikatai, ila faida yake ni ndogo na sufuria ya maji moto imeunguza watoto wengi. Kama ni lazima, afanye mtu mzima, na mtoto akae mbali. Matone ya kufungua pua yauzwayo madukani huanza kufanya kazi dakika chache tu baada ya kutiwa, na hapo ndipo mtego ulipo: yakitumiwa zaidi ya siku 5, pua huanza kuyadai, na ukiacha inaziba kuliko mwanzo. Nina wagonjwa waliotembea na chupa hizo mfukoni kwa miaka.

Ugoro nao. Wazee wetu wengi huvuta ugoro puani kufungua pua, na wengine huubandika kwenye jino. Chafya inayofuata humpa mtu hisia kwamba njia imefunguka, lakini tumbaku huvimbisha ngozi ile ile iliyokwisha kuvimba na huwadhoofisha wale vinyweleo tuliowataja. Moshi wa mafiga jikoni na moshi wa kuchoma makaa hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana akina mama hupata ugonjwa huu bila hata kugusa tumbaku.

Matibabu ya jino

Ikiwa ni jino, viuavijasumu havitalitibu. Nitarudia kwa sababu watu hawaniamini. Kiini cha jino kilichooza hakipati damu tena, na dawa hufuata damu. Unaweza kumeza vidonge vya kila rangi. Uvimbe utapungua, maumivu yatalala, kisha yataamka. Kinachohitajika ni mkono wa daktari wa meno: kuziba mapema, kutibu mzizi ikiwa kiini kimeathirika, au kung'oa ikiwa jino haliokoleki. Kutoka Kyuso au Ikutha hadi kwa daktari wa meno katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kitui ni safari, najua, na wa Kibwezi aendaye Wote hana afadhali kubwa. Safari hiyo moja bado ni nafuu kuliko mwaka wa vidonge.

Usisage aspirini ukaibandika kwenye ufizi. Ni asidi, na itauchoma hadi ubabuke. Karafuu haina madhara makubwa na hufa ganzi kidogo, itumie ukiwa njiani kwenda kwa daktari. Na msimu wa maembe, kabla ya kushtaki jino au pua, pitisha uzi safi katikati ya magego. Nyuzi za embe zikikwama hapo kwa siku mbili tatu ufizi huvimba na kuuma kiasi cha kumkosesha mtu usingizi, na tiba yake ni ule uzi.

Yako maumivu mengine yanayojificha chini ya jina la jino. Maumivu kama shoti ya umeme, ya sekunde chache, yanayoamshwa na upepo, kunyoa ndevu au kuosha uso, ni ya mshipa wa fahamu wa uso wenyewe, na yana dawa yake ambayo si koleo. Maumivu ya taya la chini yanayokuja ukipanda mlima na kuondoka ukipumzika, hasa kwa mtu wa makamo mwenye shinikizo la damu au kisukari, yanaweza kuwa ya moyo. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine wasingoje hata kuche. Ikiwa jicho limevimba au unaona vitu viwili viwili. Ikiwa shingo imekakamaa na kichwa kinauma kupita kawaida. Ikiwa uvimbe umeshuka chini ya kidevu, ulimi umeinuka, mate hayamezeki au pumzi inakuwa nzito. Ikiwa mdomo haufunguki: usaha unatembea, na unaweza kuua kwa siku chache. Tafuta gari usiku huo huo.

Ukisha kung'olewa gego la juu

Kwa kuwa mizizi hukaribiana na chumba cha shavu, mara moja moja gego likitoka huacha mlango wazi kati ya mdomo na sainasi. Utajua mwenyewe: ukinywa maji yanatoka puani, au ukipenga kamasi hewa inapita kwenye pengo. Usiogope, lakini usinyamaze. Mlango mdogo hujifunga wenyewe katika wiki chache ikiwa hutapenga kamasi kwa nguvu, hutanyonya kwa mrija wala sigara, na ukipiga chafya unaacha mdomo wazi. Mlango mkubwa hushonwa, na hushonwa kwa urahisi zaidi siku za kwanza kuliko baada ya miezi miwili. Rudi kwa aliyekung'oa, na uulize kabla ya koleo kuingia ikiwa mizizi yako iko karibu na sainasi. Picha ndogo ya eksirei humwonyesha.

Mzazi naye ana hesabu yake tofauti. Vyumba vya paji la uso huanza kujitengeneza vizuri mtoto akiwa na miaka kama 7, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu anayelalamika paji la uso hana ugonjwa wa sainasi hizo kwa sababu hanazo. Mtoto mwenye taya linalovimba haraka na meno yanayolegea asipelekwe kung'olewa tu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani ya watoto inayoanza hivyo hivyo, na ikiwahiwa hutibika. Lakini kwa kila mtoto wa namna hiyo, utakutana na makumi ya wale ambao tundu moja la pua linatoa usaha unaonuka kwa wiki nzima na hakuna jino bovu. Hao wengi wamejitia kitu puani: shanga, kipande cha sifongo, punje ya maharagwe au ndengu iliyofyonza maji ikafura. Usiichokoe kwa pini wala kibiriti, maana itasukumwa nyuma. Mlete akiwa hivyo hivyo, na mwambie dada yake mkubwa akuonyeshe walikuwa wakichezea nini.